Mtoto Aliye Nje ya Uzio

Binti yangu anaishi Marekani, na mwanawe wa miaka 14 hajapata kuketi darasani hata siku moja. Mama yake humsomesha nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula. Nilipolisikia jambo hilo nilikaa miezi mitatu bila kumwandikia barua, maana mtu aliyetumia umri wake kuwafunza walimu hapendi kuambiwa na mwanawe wa kumzaa kwamba walimu hawahitajiki. Mpaka leo sijamkubalia.

Mwaka jana kijana alikwenda shule ya serikali iliyo mwisho wa mtaa wao, akaomba kujaribiwa katika timu ya mpira. Akajibiwa kwamba timu ni ya wanafunzi, na yeye si mwanafunzi. Niliwasimulia wastaafu wenzangu tunaokutana jioni, nao karibu wote wakalishangilia jibu hilo. Mmoja akasema, "Amekataa ugali, mboga anaitakia nini?" Tulicheka sana. Usiku sikupata usingizi, kwani nilijua tumekosea.

Wateteaji wa watoto hawa hukimbilia hoja ya kodi. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya fedha za shule za Marekani hutokana na kodi ya nyumba na ardhi, na mzazi huilipa hata kama mwanawe hakanyagi shuleni. Lakini mimi siitegemei hoja hiyo. Mseja asiye na mtoto naye hulipa, wala hatumruhusu kuvaa jezi ya shule. Haki ninayoitetea ni ya mtoto, na mtoto halipi kodi.

Tuanze na sheria. Mwaka 1925 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika shauri lililotoka Oregon, kwamba serikali haiwezi kuwalazimisha watoto wote wasome katika shule zake tu. Kufika mwaka 1993, kusomesha nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50. Basi serikali iliyokwisha kukubali kwamba mtoto huyu anasoma kihalali, itamwitaje si mwanafunzi afikapo uwanjani?

Wapinzani wana hoja moja nzito, na haifai kuipuuza. Texas ilitunga sheria mwaka 1984 kwamba mwanafunzi aliyeshindwa somo asimamishwe michezo. Sasa, nani atamfelisha mtoto ambaye mwalimu wake ni mama yake? Gavana Terry McAuliffe wa Virginia aliukataa muswada wa kuwafungulia mlango watoto hawa mara tatu, mwaka 2015, 2016 na 2017, kwa sababu ya namna hiyo hiyo: hawabanwi na vigezo vinavyowabana wenzao.

Ajabu ni kwamba jibu lilikwisha kupatikana Florida tangu mwaka 1996. Sheria ya huko inamtaka mtoto ajiandikishe kabla ya msimu kuanza, aonyeshe maendeleo ya masomo kwa njia ambayo mzazi na mkuu wa shule wamekubaliana, na afuate masharti yale yale ya tabia na uchezaji yanayowahusu wengine. Tim Tebow alipitia mlango huo. Alihamia na mama yake wilaya ya jirani ili achezee Nease, shule iliyotwaa ubingwa wa jimbo mwaka 2005, na mwaka 2007, akiwa chuo kikuu, akapata tuzo ya Heisman. Wapo wanaonung'unika kwamba kule kuhama kulikuwa kutafuta timu. Huenda. Lakini wazazi wa watoto walio darasani nao huhama kwa sababu hiyo hiyo. Hata Texas yenyewe, mwaka 2021, iliziruhusu wilaya zake kuwapokea.

Na sisi Tanzania tusijifanye kwamba jambo hili ni geni kwetu. Mtahiniwa wa kujitegemea hakai katika madarasa yetu, hapigwi jua katika gwaride letu la asubuhi, lakini siku ya mtihani humpa dawati, namba na karatasi ya mtihani. Hakuna mwalimu niliyemsikia akisema kwamba mtu huyo anatuibia shule.

Kwa binti yangu na wenzake nina neno pia, nao hawatalipenda. Anayetaka timu aitake pamoja na kengele yake. Mazoezi ya alfajiri yasihojiwe, na kijana akiwekwa benchi, mama asipige simu. Tena akubali mwanawe atazamwe na macho mengine. Katika kazi yangu nimewahi kumwona mtoto ambaye matatizo ya kwao yaligunduliwa na mwalimu wa michezo, siku alipovua shati ili abadili nguo. Mtoto afungiwaye nyumbani hana mwalimu wa namna hiyo. Ninyi wenzangu mnaodai kuwaonea huruma watoto hawa kwa upweke wao, mnawezaje papo hapo kuufunga mlango pekee ambao wangeutumia kutoka?

Nimemwandikia binti yangu apeleke daftari za kijana kwa mkuu wa shule ile, azikague mwenyewe, kisha aombe tena. Hajanijibu bado. Kijana amebakiwa na misimu minne.