Kwa Wadogo Zangu wa Nkende, Tarime: Pesa ya Krimu Mpeni Fundi

Marseille, Ufaransa

Wadogo zangu wapendwa,



Mmeniuliza kwenye kundi letu la WhatsApp wanawake wa Kifaransa wanafanyaje mpaka wanapendeza kama hawakujiandaa. Mmoja wenu akaniagiza na krimu ya huku ya kung'arisha ngozi. Hayo hayajibiwi kwa ujumbe wa sauti.

Wanajiandaa sana, ila wamemaliza kazi mapema, dukani na kwa fundi. Kabatini kuna koti moja zuri, suruali mbili tatu, mashati meupe, gauni jeusi. Basi. Lakini mshono wa bega umekaa begani, na pindo la suruali linaishia kifundoni. Nguo ikikaa hivyo, hereni ndogo zinatosha.

Wala hawakuanza na vitu vya fahari. Mbunifu wa mavazi Coco Chanel, aliyefungua duka katika mji wa Deauville mwaka 1913, alijipatia jina kwa kushona magauni ya jezi, kitambaa kilichokuwa cha nguo za ndani za wanaume. Lile shati la mistari mnalolipenda lilikuwa sare ya mabaharia wa Ufaransa tangu 1858. Na mwigizaji Jane Birkin, anayetajwa kila mara kama kielelezo cha mwanamke wa Kifaransa, alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa London, akizunguka Paris na kikapu mkononi. Mwaka 1984 kampuni ya Hermès ikatengeneza mkoba wenye jina lake, ambao bei yake leo ni mahari nzima ya Kikurya. Kikapu mtakipata mnadani.

Na nguo mtazipata kwenye mitumba, Tarime mjini au Sirari. Shikeni kitambaa kabla ya kutazama rangi: pamba, kitani, na sufu kwa asubuhi zetu za baridi. Kisha pimeni bega. Kiuno fundi atapunguza, pindo atakunja, mikono atafupisha. Bega likikosea, acheni nguo hiyo hata ikiwa ya bure, maana kulirekebisha ni kulifumua koti zima.

Wazee wakinung'unikia suruali, waambieni Paris yenyewe ilikuwa na amri ya mwaka 1800 iliyomtaka mwanamke aombe kibali cha polisi ndipo avae suruali. Serikali ilitamka rasmi kwamba amri hiyo ni batili mwaka 2013! Kwetu nako, Operesheni Vijana, iliyotangazwa mwaka 1968 na umoja wa vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ilipiga vita sketi fupi, wigi, suruali za kubana na krimu za kung'arisha ngozi. Kwenye sketi walivuka mipaka. Kwenye krimu walikuwa sahihi.

Kwa hiyo krimu sitatuma. Haidrokwinoni, kemikali inayotiwa kwenye krimu za aina hiyo, ilipigwa marufuku Ulaya katika vipodozi vya kung'arisha ngozi mwaka 2001, na Tanzania pia imeipiga marufuku pamoja na zebaki. Krimu hizo zikiuzwa hapa, huuzwa chini ya meza, tena mara nyingi kwa Waafrika wenzetu. Wafaransa wenyewe hununua vitu vya kawaida tu famasi: sabuni isiyokausha ngozi, mafuta ya kulainisha, krimu ya kukinga jua. Mji huu una Wakomoro wengi, wengi wao raia wa Ufaransa, na siku za sherehe wanawake wao hupaka usoni msindzano, yaani msandali uliosagwa kwenye jiwe, ndugu yake liwa ya Waswahili. Hao nao ni wanawake wa Kifaransa, na wanapendeza kuliko wengi.

Desemba kuna mtu anakuja Tarime. Nitampa kitani cha bluu kwa ajili ya magauni. Nitumieni vipimo vya bega, kifua, kiuno na urefu, na mpimwe na fundi, msikadirie.

Dada yenu