Injini Ifungwe, Kiti Aachiwe Dereva

Katika mashamba ya ngano ya Basotu, wilayani Hanang, Tanzania, yaliyofunguliwa na shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970, dereva wa kombaini hawashi mashine kabla ya kusogeza kiti kilingane na miguu yake na kugeuza vioo vilingane na macho yake. Mwenye mashine hana ugomvi na hilo. Anachokataza ni kuchezea injini. Katika ofisi nyingi mambo ni kinyume: mfanyakazi hufungiwa hata picha ya skrini, ukubwa wa herufi na mpangilio wa aikoni kwenye kompyuta anayoikodolea macho kutwa nzima. Wanaotetea kufuli hilo wana madai yao. Nayajibu moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: “Ukiwaachia wabadili skrini, virusi vitaingia.”

Windows yenyewe imetenganisha akaunti ya msimamizi na akaunti ya kawaida. Mwenye akaunti ya kawaida anaweza kubadili picha na herufi, lakini akitaka kusakinisha programu inayogusa mfumo mzima anadaiwa nywila ya msimamizi. Kufuli la maana tayari lipo.

Tukumbuke programu hasidi ya WannaCry, Mei 12, 2017. Ilifunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Ilipenya kwenye kasoro ambayo Microsoft ilikuwa imeitolea marekebisho tangu Machi mwaka huohuo. Ikawakuta ambao hawakuwa wamesasisha mashine zao. Picha ya mtoto kwenye skrini haikumfungulia mlango mtu yeyote. Nakubali jambo moja: mapambo ya skrini yanayopakuliwa ovyo intaneti huweza kuwa programu kamili, na ndani yake huweza kufichwa hila. Hayo yazuiwe. Picha uliyopiga mwenyewe ya Ziwa Basotu ni picha tu.

Dai la pili: “Skrini zikifanana, Afisa TEHAMA anafanya kazi kwa urahisi.”

Dai hili lina uzito, hasa afisa anapokuwa Katesh na mwenye shida yuko Basotu, wakielekezana kwa simu. Lakini maelekezo ya “bonyeza kile cha tatu kutoka kushoto” ni mabovu hata skrini zikifanana, maana aikoni moja ikiongezeka tu hesabu imevurugika. Mwambie mtu aandike jina la programu kwenye sehemu ya kutafutia, naye ataipata popote ilipo. Na afisa akifika mwenyewe, huingia kwa akaunti yake ya msimamizi, na skrini atakayoiona ni yake.

Dai la tatu: “Watapoteza muda wakipamba.”

Kubadili picha huchukua dakika moja. Upo pia ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 2010, Craig Knight na Alex Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter walichapisha majaribio kuhusu vyumba vya ofisi. Waliopewa uhuru wa kujipangia mimea na picha walifanya kazi vizuri kuliko waliowekwa kwenye chumba kitupu. Mtafiti alipokuja kuvuruga mpangilio wao, faida hiyo ikapotea. Majaribio yale yalihusu chumba, hayakuhusu kompyuta, lakini binadamu ni yuleyule.

Dai la nne: “Kompyuta ni moja, tunaitumia watatu.”

Basi kila mmoja apewe akaunti yake. Hilo lingetakiwa hata kama hakuna anayejali picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaotunza taarifa za watu wazilinde. Utazilindaje taarifa za wagonjwa au wanafunzi ikiwa wote wanaingia kwa nywila moja iliyobandikwa ukutani, na kosa likitokea haijulikani nani aliandika? Akaunti ikiwa ya mtu mwenyewe, huitunza, na huona haya kumpa mwingine nywila.

Dai la tano: “Ni mali ya mwajiri, na wananchi wanaiona.”

Kweli, na kombaini pia si ya dereva. Kanuni fupi inatosha: pasiwe na picha ya aibu, ya chama cha siasa, wala ya kudhalilisha dini au kabila. Atakayevunja aitwe, aonywe. Kuwafunga wote kwa kosa la mmoja ni kukwepa kazi ya usimamizi.

Dai la sita: “Ni mapambo tu, hayana umuhimu.”

Hili ndilo linaloniuma. Niliwahi kufanya kazi ofisi moja na mama mmoja aliyekaribia kustaafu. Mipangilio yote ilikuwa imefungwa, ukubwa wa herufi ukiwemo. Alisoma orodha za majina pua ikikaribia kugusa kioo, na jioni akatoka akiwa ameshika kichwa. Akikosea tarakimu, tulimwita mzembe. Dawa yake ilikuwa kubofya mara tatu, nayo ilikuwa imekatazwa.

Mfanyakazi mwenye ualbino anahitaji herufi kubwa na mwanga usiochoma macho. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kumbagua kazini. Kufuli lisilomwona linambagua kimyakimya. Lugha nayo ni hivyohivyo. Tangu mwaka 2004, wataalamu waliotoa Jambo OpenOffice walionyesha kwamba programu za ofisi zinaweza kusema Kiswahili. Anayetaka kufanya kazi kwa lugha anayoielewa barabara asizuiwe.

Kwa hiyo, Afisa TEHAMA atakapokuja kuandaa mashine mpya, mwombeni mambo matatu: nywila ya msimamizi abaki nayo yeye, masasisho yasisimame, na kila mtumishi awe na akaunti yake. Halafu, kabla hajaondoka, amkalishe kila mmoja mbele ya skrini na kumuuliza: herufi hizi unaziona?