Tununue Muda wa Mhandisi, Si Siri za Kiwanda

Ipo dhana iliyoota mizizi katika ofisi zetu, na hata katika madarasa yetu ya kompyuta, kwamba muundaji mdogo wa programu si wa kuaminika mpaka awe na mkataba wa kulipia msaada wa kiufundi kutoka kwa kampuni iliyotengeneza mashine anayoitumia. Naipinga dhana hiyo. Inamkamua asiye na kitu na kumwongezea aliyekwisha kushiba.

Tuanze na historia. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, mteja wa kompyuta za IBM alipata mashine, programu na msaada wa wahandisi kwa bei moja. Juni 1969 kampuni hiyo ikatangaza kuzitenganisha bei hizo, na msaada ukaanza kuuzwa kama bidhaa ya peke yake. Kwa hiyo, ada hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Ni uamuzi wa kibiashara, na uamuzi wa kibiashara huhojiwa.

Leo Apple humtoza muundaji wa programu dola 99 kila mwaka. Kwa miaka mingi, ndani ya ada hiyo zilikuwamo nafasi mbili tu kwa mwaka za kumfikishia mhandisi wa kampuni swali kuhusu msimbo wako. Mhitimu asiye na ajira atoe fedha hizo ili apate nini?

Maswali yake ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni yale ambayo mwingine amekwisha kukutana nayo. Hayo hujibiwa na nyaraka nzuri na wenzake wa fani. Tangu 2008 tovuti ya Stack Overflow imekusanya mamilioni ya majibu yanayosomwa bure. Aina ya pili ni hitilafu zilizomo ndani ya mfumo wenyewe, ambao msimbo wake umefungwa. Hapa ndipo penye dhuluma. Kijana hupoteza siku kadhaa akitafuta kosa lisilo lake, kisha hutakiwa alipe ili aambiwe kwamba kosa ni la kampuni. Ni sawa na mwenye nyumba kumtoza mpangaji ada ya kuoneshwa mahali paa linapovuja. Tena ni mpangaji anayeipa nyumba thamani, maana nani angenunua simu au kompyuta isiyo na programu?

Nitaambiwa kwamba wahandisi nao hula mishahara. Ni kweli, wala sipingi mtaalamu kulipwa kwa muda wake. Red Hat ilijijenga kwa kuuza huduma juu ya Linux, mfumo ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na mwaka 2019 IBM ileile ikainunua kwa dola bilioni 34. Anayelipa hapo hununua muda na uwajibikaji; asiyelipa hazuiwi kuusoma msimbo wa Linux na kujitafutia jibu. Benki au hospitali ambayo mfumo wake hauwezi kusimama hata saa moja, na inunue mkataba. Kijana aliyeunda programu ya kutunza hesabu za kikoba hauhitaji.

Ninyi watumishi wa umma, mnapoandika masharti ya zabuni, ijaribuni programu yenyewe, daini nyaraka zake na haki ya kupata msimbo wake. Msijifiche nyuma ya cheti cha kampuni ya ng'ambo. Ninyi wanaharakati, daini orodha za hitilafu zinazojulikana ziwekwe hadharani, kwani maarifa ya kasoro ya bidhaa ni haki ya mtumiaji. Nanyi wanafunzi wangu, someni nyaraka kabla ya kulalamika, na kila mnapolipata jibu liandikeni, tena kwa Kiswahili, ili anayewafuata asilitafute upya.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na hawa wanaotuuzia majibu si hata ndugu zetu.