"Sehemu Nane Siku Moja": Pasi ya Nairobi Inayokuuzia Jam

Wacha niseme wazi na wenye kununa wanune: hakuna mtu anayetoka Nakuru alfajiri, akaona sehemu nane za Nairobi, na akarudi kulala Rhonda usiku huo huo. Hakuna. Anayekuuzia hiyo pasi anakuuzia kiti cha matatu kwenye jam ya Lang'ata Road, na selfi moja ya KICC iliyopigwa kupitia dirishani.

Naongea sasa kwa sababu msimu umefika. Shule zikikaribia kufungwa, kila grupu ya WhatsApp hapa mtaani inaangushiwa bango lile lile. Twiga analamba mkono wa mtu, KICC iko nyuma, mtoto wa ndovu anakunywa maziwa kwa chupa, na maandishi ya manjano: NAIROBI CITY PASS, SEHEMU 8, SIKU MOJA, SH4,500 TU. Hiyo "tu" ndiyo inaniuma. Vyama vingi vya vijana hapa vinachanga mia mia kila wiki. Piga hesabu: Sh4,500 ni wiki 45. Ni karibu mwaka mzima wa mtu anayeosha pikipiki, anayesuka nywele, anayeuza smokie pale stegi. Mwaka mzima, halafu mtu anaweka "tu".

Hebu tuichukue hiyo pasi tuitembeze kwa saa, si kwa picha.

Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160. Mkiondoka saa kumi na moja alfajiri, na kwa hesabu hiyo nimewapendelea maana kila safari ina yule msee mmoja ambaye bado anaoga, mtafika mjini kama saa mbili na nusu au saa tatu. Gilgil ikikasirika, ni saa nne. Jioni, dereva atataka muwe mmetoka mjini kufikia saa kumi na moja, kwa sababu baada ya hapo Waiyaki Way si barabara tena, ni maegesho. Kwa hivyo siku yenu ya Nairobi ni saa nane hivi. Ndani ya hizo saa nane kuna kula, kuna choo, kuna kutafuta mwenzenu aliyepotea.

Sasa orodha ya bango. Makumbusho ya Taifa, bustani ya nyoka, KICC, makumbusho ya reli, Giraffe Centre, watoto wa ndovu wa Sheldrick, Bomas, na mbuga ya Nairobi. Zote ni sehemu poa, sina vita na hata moja. Lakini angalia zilipo. Nne za kwanza ziko mjini au kando tu ya mji. Nne za mwisho zinaelekea Lang'ata na Karen. Hizo ni siku mbili tofauti zilizofungwa kwenye karatasi moja.

Na kuna sehemu moja inayoamua siku yote: Sheldrick. Kule wageni wa kawaida wanaingia kuanzia saa tano hadi saa sita mchana. Saa moja pekee kwa siku, na lazima uwe umejisajili kabla. Huwezi kufika saa nane ukasema "tumetoka mbali, tuoneeni huruma". Kwa hivyo pasi hii inawalazimisha kuwa Lang'ata saa tano kamili. Maana yake asubuhi hamtaingia Makumbusho, kwa sababu mkianza tu kuangalia mafuvu mtaambiwa turudi kwa gari. Mtaenda moja kwa moja kwa ndovu. Saa sita mtoke. Giraffe Centre hadi saa saba na nusu. Mle. Saa nane na nusu mnarudi mjini, jam inawapokea, saa kumi mko Museum Hill. Makumbusho yanafungwa saa kumi na moja na nusu, na dereva amewasha gari.

Mbuga ya Nairobi yenyewe? Ina ukubwa wa kama kilomita mraba 117 na simba hawakai langoni wakingoja chama chenu. Hiyo ni asubuhi nzima peke yake. Bomas? Ujenzi wa ukumbi mkubwa wa mikutano ulianza kule 2025, lakini bango bado lina picha ya wachezaji ngoma wa zamani. KICC mtaiona, ndiyo. Ukiwa Uhuru Highway huwezi kukosa kuona jengo la mita 105.

Jumla: mmelipia nane, mmeingia mbili, na ya tatu mmeikimbia kama mwizi.

Sasa kuna wenye watasema nachukia biashara za watu. Hapana. Pasi za mji ni kitu halisi na duniani zinafanya kazi. Paris wana Paris Museum Pass, ya siku 2, 4 au 6, na saa zinaanza kuhesabiwa ukiingia mlango wa kwanza. Ukilala, inaendelea kuhesabu. New York wana CityPASS, ambayo inakupa idadi ya sehemu na siku 9 za kuzimaliza polepole. Moja inakuuzia muda, nyingine inakuuzia idadi. Mtu wa mbio anachukua ya kwanza, mtu wa kutulia anachukua ya pili. Bango letu limechukua ubaya wa zote mbili: idadi kubwa ndani ya muda mdogo. Na hata kule ng'ambo unaweza kuuziwa hewa. London, British Museum na Natural History Museum ni bure kuingia. Mtu anaweza kununua pasi ya mji halafu atumie siku zake kwenye milango ambayo ingemfungukia bila senti. Kama una binamu anayeenda huko mwaka huu, mtumie hii.

Na cha kushangaza ni kwamba Kenya tuna pasi ya ukweli, imekaa kimya, haina bango la manjano. Ni tiketi ya pamoja ya Makumbusho ya Taifa na bustani ya nyoka. Sehemu mbili, kiwanja kimoja, unatembea kwa miguu, na bei ya pamoja iko chini ya kulipa moja moja. Hiyo ndiyo pasi. Inakuokolea pesa na haikuibii saa hata moja barabarani. Ukitaka kupima pasi yoyote, ipime na hiyo: je, milango iko karibu na mingine? Je, nikilipa langoni mwenyewe ningelipa zaidi? Jibu likiwa "hapana" mara mbili, hiyo si pasi, ni nauli iliyovalishwa suti.

Na ukipewa saa nne ndani ya hayo Makumbusho badala ya dakika arobaini, utaona nini? Utasimama mbele ya ugunduzi wa Turkana Boy, yule kijana ambaye mabaki yake yalipatikana Nariokotome mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya kama wewe. Ni wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu, na alikufa akiwa mdogo kuliko wengi wenu mnaosoma hapa. Utaona sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi wa amri ya rais mwaka 1970. Hivi ni vitu unahitaji kusimama, ukauliza mwenzako swali la kijinga, mkacheka, mkarudi kuangalia tena. Haviingii kwa ratiba ya "dakika 40 halafu gari".

Mchana shukeni mjini. Jengo la Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, watu hulitumia kama alama ya kukutania tu, "tupatane Archives", na wachache sana huingia. Ndani kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa nchi hii. Kutoka hapo mnaweza kutembea hadi makumbusho ya reli. Kule kuna behewa ambalo simba aliingia usiku pale Kima mwaka 1900 akamtoa nje afisa wa polisi Charles Ryall, ambaye alikuwa amekuja kumwinda huyo simba. Hadithi kama hiyo ingekuwa Marekani wangekuwa wameitolea filamu kumi. Sisi tuna behewa lenyewe na hatujaliona.

Hiyo ni siku nzima. Hakuna gari la kukodi ndani ya mji, hakuna kiongozi mwenye filimbi. Mnapanda matatu ya kawaida ya Nairobi, mnalipa langoni kwa simu, mnarudi. Kama bado uko shule au chuo, beba kitambulisho cha mwanafunzi na uulize bei yako kabla ya kulipa, kwa sababu pasi ya bango inamhesabu kila mtu kama mtu mzima mwenye mshahara.

Najua jibu la upande wa pili, na lina uzito. Mama hawezi kumruhusu binti wa miaka kumi na saba aende Nairobi na "wasee wa chama" bila mtu mzima anayejulikana. Pakeji inampa mzazi jina na namba ya kupiga. Sawa. Na kama mmeamua ni siku ya Lang'ata, ndovu na twiga, basi gari la kukodi lina maana, kwa sababu kule sehemu zimetengana na kuhangaika na matatu namba 24 mkiwa kumi na wanne ni kazi. Lakini hapo lipieni gari. Mwambieni mwenye gari: tunataka gari na dereva, bei gani? Milango tutalipa wenyewe, na kila risiti isome jina la mwenye kuingia. Wengi watawapa bei, kwa sababu kazi ni kazi. Yule atakayekasirika mkitaka kutenganisha bei ya gari na bei ya lango, huyo amewajibu tayari kile mlichotaka kujua.

Na someni yale maandishi madogo chini ya bango, yale yanayohitaji kuzoom. "Ada za kuingia hazijajumuishwa." "Kupitia" badala ya "kutembelea". Mtu akikuandikia utapitia KICC, amekwambia ukweli kabisa, ni wewe hukusikia.

Sasa nifike kwa kile kinachonikera zaidi ya yote, na hiki si cha wauza bango peke yao.

Wale twiga wa Giraffe Centre ni twiga wa Rothschild. Kituo kile kilianzishwa 1979 ili kuwaokoa wasiishe. Unajua wengine wa jamii hiyo hiyo wako wapi? Nyuma ya fensi. Fensi yetu. Miaka ya sabini twiga wa Rothschild walitolewa Soy wakaletwa mbuga ya Ziwa Nakuru, na wako huko mpaka leo, pamoja na vifaru. Kuna watoto hapa Rhonda wanaoishi karibu na ile fensi ya stima kuliko wanavyoishi karibu na shule, na hawajawahi kuingia hata mara moja. Kwa miaka mingi raia mtu mzima alilipa Sh860 langoni, na mwaka 2025 KWS wakatangaza ada mpya ya Sh1,500. Angalieni eCitizen kabla ya kupanga. Na huwezi kuingia kwa miguu, lazima gari, kwa hivyo hata lango likiwa nafuu bado gari linakungoja.

Hiyo matatu ya Nairobi ikitoka mjini inapita karibu na Hyrax Hill kabla hata hamjamaliza kufunga mikanda. Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937, na kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba na watu waliokaa hapo kabla yetu. Tunalipitia kilima hicho kwenda kuona historia kwa watu wengine.

Kwa hivyo hii ni ya kaunti, KWS, watu wa makumbusho na watu wa misitu wanaoshika lango la Menengai. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, karatasi mnayo. Jiji lina pasi. Tengenezeni moja: Ziwa, Hyrax Hill na Menengai, tiketi moja, idumu mwezi mzima ili mtu atumie Jumamosi anayopata nafasi, bei ya kijana mwenye kitambulisho cha hapa, na basi moja linaloingia mbugani asubuhi likianzia mtaani, si kwenye hoteli. Mabasi ya shule yanalala tu wikendi na likizo. Mkilitangaza leo, mimi nitalipeleka kwenye kila grupu niliyomo bila kulipwa, na vyama vya hapa Rhonda vitajaza hilo basi kabla ya mwisho wa mwezi.