USALAMA BARABARANI: NI NANI ATAKAYEWAVUSHA WATOTO?

Kila siku ya shule, asubuhi na mapema, watoto wa Salgaa hushika njia kwenda kusoma. Wengi wao hawana budi kuikata barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, nayo ndiyo barabara ichukuayo mizigo ya bandari ya Mombasa mpaka Uganda, Rwanda na Kongo. Salgaa ni kituo cha malori. Madereva hula hapo na kulala hapo, na malori yao husimama kando ya njia safu kwa safu. Mtoto mfupi atokezapo kati ya malori mawili, dereva ajaye hamwoni mpaka amekwisha kuikanyaga lami.

Hatari ya mahali hapa yajulikana na nchi nzima. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori yaligongana hapo Migaa, karibu na Salgaa, na watu 36 wakafa. Baada ya msiba huo ulijengwa ukuta wa kugawa barabara kwenye mteremko huo, ili magari yapandayo yasikutane na yale yashukayo. Kazi hiyo ilikuwa njema. Lakini ukuta huzuia lori lisigongane na basi. Haumsimamishii mtoto gari.

Yafaa kila mzazi apige hesabu hii. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ndio mwendo wa mwisho ulioruhusiwa na sheria ndani ya miji na vituo vya biashara, hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja. Mtoto akihitaji sekunde 7 kuvuka, gari hilo litakuwa limekwenda mita 97, yaani karibu urefu wa kiwanja cha mpira. Likienda kilomita 80 kwa saa, litakuwa limekwenda zaidi ya mita 155. Mtoto wa miaka sita hawezi kuupima mwendo wa namna hiyo kwa macho. Kwa hiyo ni lazima awepo mtu mzima wa kumpimia.

Jambo hili si geni duniani. Katika Uingereza, mji wa Bath ulimweka Bibi Mary Hunt mwaka wa 1937 awavushe watoto wa shule. Mwaka wa 1953 Bunge la huko lilipitisha sheria, ikaanza kazi mwaka wa 1954, kwamba mvushaji aliyevaa sare akiinua kibao chake, dereva sharti asimame. Asiposimama amefanya kosa. Nguvu ya kibao ilikuwa katika sheria, wala si katika mkono wa mwenye kukishika. Hata hivyo, halmashauri za huko zilipewa uwezo wa kuwaajiri wavushaji, hazikulazimishwa. Na fedha zilipopungua miaka ya karibuni, nyingi ziliwapunguza.

Karibu zaidi na nyumbani, mjini Dar es Salaam, shirika la Amend limejenga matuta, njia za miguu na vivuko karibu na shule nyingi, na mwaka wa 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya Ross ya taasisi ya World Resources Institute. Funzo lake ni kwamba mvushaji asiachwe peke yake. Mvushaji huugua na huchelewa. Tuta haliugui wala halichelewi.

Basi, katika Kenya kazi hii ni ya nani? Katiba ya mwaka wa 2010 iliweka barabara kuu na shule za msingi chini ya Serikali ya Taifa. Shule za watoto wachanga na barabara ndogo zikawa za Kaunti. Hivyo mtoto wa chekechea na ndugu yake wa darasa la nne hushikana mikono wakivuka njia moja, kumbe mmoja ni wa ofisi hii na mwingine ni wa ofisi ile. Wenyewe wakiwa wengi, kila mmoja hudhani mwenzake ameshughulika.

Wazazi wasingoje mpaka ofisi hizo zipatane. Mkutano wa wazazi waweza kuchagua mahali pamoja pa kuvukia, mbali na malori yaliyosimama, kisha mwalimu mkuu, pamoja na chifu, aandike barua kwa polisi wa barabarani na kwa Mamlaka ya Barabara Kuu, akiomba matuta, mistari ya kivuko na alama za shule. Mvushaji awe mtu mzima mwenye busara, avae nguo ing'aayo, na apate ujira hata kama ni mdogo, kwa sababu kazi ya bure haidumu. Awe na msaidizi wa kushika zamu akiugua. Tena zamu zisiwe mbili, bali tatu: asubuhi, wakati wa kutoka watoto wadogo, na jioni watokapo wakubwa. Zamu ya katikati ndiyo isahauliwayo, nayo ndiyo ya wale wasiojua kabisa hatari.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapo Migaa ukuta ulijengwa baada ya makaburi 36. Mbele ya lango la shule, ufa bado waweza kuzibwa kwa kibao kimoja na mtu mmoja afikaye kwa wakati.