Msilisingizie Gari la Mbio

Tarehe 26 Agosti 2025, katika kiwanda cha Nissan cha Tochigi, kaskazini mwa Tokyo, liliundwa gari la mwisho la GT-R aina ya R35. Lilikuwa la zambarau iliyokolea. Miaka 18, magari yapatayo 48,000, basi. Miezi michache kabla ya hapo kampuni ilikuwa imetangaza hasara ya yeni bilioni 670.9 kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi, pamoja na mpango wa kupunguza wafanyakazi 20,000 na kubaki na viwanda 10 kati ya 17. Kwa wengi habari hizo mbili zilisomeka kama habari moja: nyumbani kuna njaa, na hatimaye baba ameuza redio yake kubwa. Afadhali, wakasema. Ameanza kuwa na akili.

Imani hiyo utaikuta kila mahali, kwa wachambuzi wa masoko ya hisa na kwa wazee wa kijiweni. Kampuni ya magari ikianza kuyumba, cha kwanza kukatwa ni gari la kasi. Lina wanunuzi wachache, linakunywa mafuta, linawashughulisha wahandisi wazuri ambao wangeweza kufanya kazi ya maana. Ni anasa, na anasa haina nafasi kwenye nyumba ya msiba. Ukiyasikia maneno haya mara ya kwanza yanaingia akilini vizuri sana. Mimi nayaona ni uvivu wa kufikiri uliovishwa suti.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa wenzetu ndiyo wanayojivunia. Magari 48,000 kwa miaka 18 ni chini ya 2,700 kwa mwaka. Nissan, hata katika hali yake hii ya kuugua, huuza zaidi ya milioni tatu kwa mwaka. Kwa maneno mengine, ukiyapanga magari elfu moja ya Nissan mfululizo, GT-R halijatimia hata moja. Injini zake ziliunganishwa kwa mkono kule Yokohama, na katika miaka yote hiyo waliokabidhiwa kazi hiyo walikuwa mafundi tisa tu, kila injini ikibandikwa kibati chenye jina la fundi wake. Mafundi tisa hawachimbi shimo la yeni bilioni 670.

Shimo lilichimbwa kwingine, tena mchana kweupe. Kwa miaka mingi Nissan ilikimbilia wingi nchini Marekani: magari mengi iwezekanavyo, kwa punguzo, mengine yakisukumwa kwa makampuni ya kukodisha. Mteja akazoea punguzo, na mteja aliyezoea punguzo hanunui tena bila punguzo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa kibaya kilitembezwa jimbo kwa jimbo kwa miaka. Kisha Wamarekani wakageukia magari ya haibridi, na Nissan, ambayo mwaka 2010 ilikuwa imewatangulia wengi kwa gari lake la umeme la Leaf, ikajikuta haina haibridi hata moja ya kuwauzia huko. Viwanda navyo vilikuwa vimejengwa kwa ajili ya mauzo ambayo hayakuja. Katika orodha hiyo yote, nioneshe GT-R iko wapi. Waliokosea ni watu waliosimamia magari ya kawaida, yale ya busara, ya kwendea kazini na kupelekea watoto shule.

Nikiri jambo moja ili nisije nikaitwa mpotoshaji. GT-R halikukatwa kwa shoka siku moja. Sheria za kelele zililitoa Ulaya mwaka 2022, baadhi ya vipuri vya kuliundia vikawa havipatikani, likafa kwa uzee. Lakini gari linaloachwa miaka 18 bila mrithi limeshahukumiwa zamani. Kilichobaki ni kusubiri tarehe.

Cha kushangaza ni kwamba Nissan hiyohiyo ilishaonesha njia nyingine. Mwaka 1999 ilikuwa na madeni ya takriban yeni trilioni mbili, na Renault ikamtuma Carlos Ghosn. Huyu hakuwa mtu wa huruma. Alitangaza kupunguza watu 21,000 na kufunga viwanda vitano, hata magazeti yakamwita muuaji wa gharama. (Yaliyompata baadaye, hadi kutorokea Lebanon mwishoni mwa 2019, ni kisa kingine.) Basi mkata gharama huyo, katikati ya kukata kwake, akaagiza gari la Z lirudishwe. 350Z likaingia sokoni mwaka 2002, na R35 likafuata mwaka 2007. Kwa nini? Kwa sababu alielewa kwamba wahandisi wanaoamka kila siku kwenda kutengeneza gari wasilolipenda watatengeneza gari ambalo hata mteja hatalipenda.

Hapa kwetu jambo hili halihitaji maelezo marefu. Marehemu mjomba wangu alikuwa na Datsun 120Y (Datsun ndilo jina ambalo Nissan ilitumia kuuzia magari yake wakati huo) ya rangi ya maziwa ambayo sidhani kama iliwahi kuvuka kilomita themanini kwa saa. Mtu mpole, mwalimu, anayefunga breki akiona kuku mbali. Ukimuuliza kwa nini alinunua Datsun, alikuwa na jibu moja: "Datsun ilishinda Safari, mwanangu." Alikuwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Safari Rally ya Pasaka ilikuwa bado inavuka mpaka kuingia Tanzania, na watu walilala kando ya barabara kusubiri vumbi. Mwaka 1971 mshindi alikuwa Edgar Herrmann na Datsun 240Z. Mwaka 1973, kwa gari la aina hiyohiyo, alishinda Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda aliyekuwa amehamia Kenya mwaka uliotangulia, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Mjomba hakuwa na uwezo wa kununua 240Z, wala hakuitaka. Alinunua ndugu yake maskini. Gari la mbio lilitumia pesa upande mmoja wa daftari, na pesa za mjomba zikaingia upande mwingine kabisa, chini ya "magari madogo ya familia". Mhasibu akiufungua ukurasa wa kwanza anaona hasara. Akiufungua wa pili anaona faida. Halafu anapendekeza waufute wa kwanza.

Hilo ndilo kosa la msingi. Gharama ya gari la kasi inaonekana kwa macho: lina jina lake, timu yake, mstari wake katika bajeti. Manufaa yake yamesambaa kwenye vitabu vya watu wengine. Gari baya la kawaida ni kinyume chake. Hasara yake haina jina. Imefichwa katika punguzo, katika mikopo, katika magari yanayopigwa jua uwanjani. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini ukaguzi hufanywa kwa jirani.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni Mitsubishi, na ningetamani kila mkurugenzi wa kampuni ya magari aukariri kabla hajashika mkasi. Hii ni kampuni ambayo mwaka 1974, kwa Lancer ya injini ya lita 1.6, ilimpa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, ushindi wa Safari mbele ya Porsche 911 ya Björn Waldegård. Mwaka 1976 akashinda tena kwa Lancer. Kuanzia 1992 ikaja Lancer Evolution, na Tommi Mäkinen akachukua nayo ubingwa wa dunia wa madereva mara nne mfululizo, 1996 hadi 1999. Pajero nayo ilishinda mashindano ya Dakar mara 12. Jina hilo lilikuwa na uzito kuanzia Helsinki hadi Eldoret.

Sasa tazama kilichoiangusha. Mwaka 2000 ilibainika kwamba kampuni ilikuwa imeficha malalamiko ya wateja kuhusu hitilafu za magari kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2004 yakafichuka mengine, na DaimlerChrysler, aliyekuwa mbia wake mkubwa, akakataa kuendelea kuipa fedha. Wakati huohuo, Marekani, ilikuwa imewakopesha vijana magari kwa mpango wa sifuri tatu: sifuri ya malipo ya awali, sifuri ya riba, na mwaka wa kwanza sifuri ya marejesho. Vijana wakachukua, wakaendesha mwaka mzima, na wengi hawakulipa. Mamia ya mamilioni ya dola yakayeyuka.

Dawa yake? Desemba 2005 kampuni ikatangaza kusimamisha timu yake ya mbio za dunia. Mwaka 2009 ikajitoa Dakar. Mwaka 2010 Ralliart, tawi lake la mashindano, likafunga biashara. Mwaka 2015 zikaundwa Evo 1,000 za mwisho kwa soko la Japani, na wale wenye imani yao wakapiga makofi: Mitsubishi imekua, sasa itashughulika na magari ya maana.

Hawakumaliza mwaka. Aprili 2016 kampuni ilikiri kudanganya takwimu za matumizi ya mafuta. Za gari gani? Za magari madogo kabisa ya Kijapani, ya injini ya cc 660, yale ya kubania mafuta, yaliyokuwa kioo cha busara yote hiyo. Tena aliyegundua udanganyifu huo alikuwa Nissan, ambaye baadhi ya magari hayo yaliundwa kwa ajili yake. Kabla mwaka haujaisha Nissan ilikuwa imenunua asilimia 34 ya Mitsubishi, na kampuni iliyowahi kuwachelewesha Porsche ikawa mdogo wa mtu. Miaka kumi ya kukata magari ya mbio, na mwizi alikuwa amekaa kimya kwenye gari la kwendea sokoni.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa gari la kasi halitoshi kuiokoa kampuni, na ni kweli. Pontiac ilikuwa na historia ya GTO ya mwaka 1964, na General Motors iliizika ilipofilisika mwaka 2009. Miaka mingi ya kubandika nembo ya Pontiac kwenye magari ya ndugu zake ilikuwa imeimaliza tayari. Lakini angalia GM hiyohiyo haikugusa nini. Mbele ya mahakama ya ufilisi, ikiishi kwa pesa za serikali, ilibakiza Corvette, na mwaka huohuo ikaanza kuuza Camaro mpya. Watu waliotumwa na serikali kuikagua, wenye kila sababu ya kuonekana wakali mbele ya walipa kodi, waliyaacha magari hayo yaishi.

Wala sitetei kila kitu chenye mwendo. Toyota ilikaa Formula One kuanzia 2002 hadi 2009, kwa bajeti iliyokuwa miongoni mwa kubwa kuliko zote, na haikushinda hata mbio moja. Kuliondoa gari lake la Formula One lilikuwa tendo la huruma. Gari lile lilikuwa halimfundishi mtu wa Toyota chochote ambacho mteja angekipata akienda kununua Corolla. Tofauti iko hapo: je, mtu anaweza kulinunua, au walau kumnunua ndugu yake? Akio Toyoda aliposhika uongozi Juni 2009, kampuni ikiwa imetoka kwenye hasara yake ya kwanza ya uendeshaji katika miaka 70 hivi, aliifunga Formula One na wakati huohuo akaendelea kulea kikundi kidogo cha Gazoo, ambacho mwaka 2007 kilikuwa kimekwenda mbio za saa 24 za Nürburgring na magari ya Altezza ya mtumba, bila hata ruhusa ya kutumia jina la Toyota. Kutoka huko kukaja GR Yaris ya mwaka 2020. Na tangu Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, Toyota imeshinda 2021, 2022, 2023, 2024 na 2025.

Kuna kisa Peter Schutz alikuwa akikisimulia mwenyewe. Mwaka 1981 alichukua uongozi wa Porsche, kampuni ikiwa imetoka kupata hasara yake ya kwanza. Uamuzi ulikuwa umeshapita kwamba 911 ife, gari kuukuu lenye injini nyuma, nafasi yake ichukuliwe na 928 lililokuwa la kistaarabu zaidi. Akaingia ofisini kwa mkuu wa wahandisi, Helmuth Bott, akaona ukutani chati ya mipango: mistari ya 928 na 944 inaendelea mbele, mstari wa 911 unakomea mwaka huo. Akachukua kalamu, akauendeleza ule mstari wa 911 hadi ukingo wa karatasi, akapitiliza mpaka kwenye ukuta. 928 iliacha kuundwa mwaka 1995. 911 inauzwa hadi leo.

Mitsubishi nao walifufua jina la Ralliart mwaka 2021, wakaanza kulibandika kwenye pikapu. Ila kwa muda mrefu baada ya kiwanda kuitelekeza Evo, ukienda kwenye mbio za ubingwa wa taifa nchini Kenya ungezikuta bado zipo: Lancer Evolution X zenye bampa zilizofungwa waya, mafundi wakihangaika kutafuta giaboksi kuukuu, na kando ya barabara watoto wakilitaja kwa sauti jina la kampuni ambayo haikuwa imewatuma, haikuwalipa, na haikuwa na gari jipya la aina hiyo la kumuuzia baba yao.