Mdudu hayuko tumboni

Niwieni radhi wasomaji, leo hakuna msimbo. Niliahidi kuendelea na ile habari ya hifadhidata, lakini kuna jambo limenikaa rohoni na naona heri nilitoe. Asiyependa hadithi za matumbo ya watu apite, tutaonana wiki ijayo.

Mwaka jana nilipimwa sukari asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni, katika zahanati moja huku kwetu Likoni. Ikasoma 6.3. Muuguzi hakushtuka. Alisema kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0, ila hapo nilipo si pazuri, nipunguze uzito. Mimi nilishtuka. Babangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimbadilisha bendeji hadi alipofariki. Nina miaka 28 na mizani ilisema kilo 97.

Basi nikafanya wanavyofanya watu wa fani yetu, nikapakua programu ya kuhesabu kalori. Sina ugomvi na hesabu. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4, na ukila zaidi ya unachotumia utanenepa, hilo halina siasa. Tatizo dogo ni kwamba programu ile ilijua jibini za kila aina lakini haikuwahi kusikia viazi karai. Tatizo kubwa ni kwamba kila siku iliniuliza nimekula nini. Nimekula nini nilikuwa najua!

Siku yangu ilikwenda hivi. Asubuhi chai ya mkandaa bila sukari. Mchana yai na tango. Jioni natoka ofisini kule kisiwani, nashuka hadi kivukoni nikijisifu kwamba sijafikisha kalori 400. Nikiwa ndani ya feri rununu inalia: mteja anasema mfumo umeanguka, na anasema kwa herufi kubwa. Nikikanyaga ng'ambo miguu inajipeleka yenyewe kwa wauza viazi. Viazi karai, bajia, chatini ya ukwaju, nakula nimesimama gizani nyuma ya kibanda ili jirani asinione. Kisha nafika nyumbani, mama ameniwekea chakula, nami nakaa nakula tena, maana nitamwambia nini? Usiku mmoja aliniangalia, akasema, "Mwanangu, mbona unakula kama unayefukuzwa?"

Watu watasema huna nidhamu. Nami nilijiambia hivyo miezi kadhaa, na kila nilipojiambia nilizidi kubana mchana na kuzidi kufungulia usiku. Baadaye nikasoma habari za jaribio lililofanywa Minnesota, Marekani, kati ya 1944 na 1945. Mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya, waliojitolea wenyewe, kwa karibu miezi sita. Hawakukonda tu. Waliota chakula, wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya, na waliporuhusiwa kula wapo walioshindwa kuacha hata wakiwa wameshiba. Hao walikuwa vijana waliochujwa kwa afya ya mwili na akili. Sasa mimi na tango langu ni nani?

Seva ikianguka hatuitukani. Tunafungua logi tuone kilichotangulia. Nikafuta ile programu, nikafungua lahajedwali yenye safu nne: saa, nilichokula, njaa kuanzia 0 hadi 10, na kilichotokea nusu saa kabla. Safu ya nne ndiyo iliyonifungua macho.

Baada ya wiki tano nilikuwa na mistari 41 ya kula nje ya mlo. Njaa ilipita 5 katika mistari 9 tu. Mistari 23 ilitanguliwa na ujumbe wa kazi, mwingi wa mteja mmoja. Iliyobaki karibu yote ilikuwa Jumapili jioni, wakati sina kazi wala ujumbe, na hapo nilikwama sana. Hadi nilipokumbuka kwamba saa ile ndiyo tuliyokuwa tukitazama mpira na mzee, sahani ya bajia katikati.

Kwa hiyo nasema wazi, na wenzangu mnaotengeneza programu za afya mnisikie: mnapima mwisho wa mambo. Mkiongeza safu ile moja mtawasaidia watu wengi kuliko kwa hizo rangi nyekundu zenu za kuaibisha. Na anayekula hadi anajitapisha, hilo si la lahajedwali, amwone daktari.

Niliyobadilisha si mengi. Nakula asubuhi na mchana mpaka nishibe: maharagwe, samaki, mchicha, wali kiasi. Ujumbe wa kazi nimeufunga kuanzia saa kumi na mbili jioni, na mkubwa wangu alinuna wiki mbili akazoea. Nikitamani viazi nangoja dakika ishirini. Mara nyingi hamu hupita. Isipopita nanunua, napeleka nyumbani, nakula kwenye sahani mbele ya mama. Ajabu ni kwamba vikiwa kwenye sahani vinatosha vitatu.

Inashuka nusu kilo kwa wiki, wiki nyingine haishuki kabisa. Leo ni kilo 88, na sukari mara ya mwisho ilisoma 5.7.

Jumapili ndiyo bado inanishinda. Nilimweleza mama habari ya mistari ile, hakusema kitu. Mpira haupendi hata kidogo, lakini siku hizi hukaa pale alipokuwa akikaa mzee na kuniuliza kila baada ya dakika tano ni kina nani wanaoshambulia upande upi. Bajia zipo, sahani ndiyo imekuwa ndogo.